Kuosha Motokaa ya Shamba: Vifaa vya Kuanzia na Matumizi Yake

Mkulima aliyenunua pikapu yake ya kwanza huyajua mambo yake mengi kabla ya mwezi kwisha. Ajua yanywa mafuta kiasi gani kutoka shambani hadi kituo cha maziwa, ajua gurudumu lipi hupungua upepo, na ajua jirani yupi atakuja kuiazima siku ya arusi. Lakini kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui mpaka miaka mitatu au minne imepita, nalo ni kwamba pikapu huliwa kutoka chini na kutoka ndani. Kwa nje yang'aa, watu waisifu sokoni, na huku sakafu ya mizigo imekwisha kuwa kama chekeche.

Katika makala haya twataka kueleza habari za kuosha motokaa: vifaa gani anunue mtu anayeanza, vipi vilivyomo nyumbani tayari vyafaa, vipi havifai kabisa, na kazi yenyewe yaendaje. Hatuwaandikii watu wa mjini wanaotaka motokaa ing'ae siku ya Jumapili. Twamwandikia mkulima wa skimu, ambaye pikapu yake hubeba maziwa asubuhi, viazi mchana na mbolea jioni. Labda ameinunua kwa mkopo, na mkopo huo utaendelea kulipwa hata gari likioza.

Skimu za Ekari Milioni zilipoanzishwa mwaka 1962, na watu wakapewa mashamba Kinangop, Ol Kalou na kwingineko, wengi walipeleka maziwa kwa punda au kwa baiskeli. Gari la punda halikuwa na shida kubwa ya kuoshwa. Ubao ukioza ulibadilishwa ubao, naye punda alijisafisha mwenyewe kwa kugaagaa mavumbini. Motokaa haiwezi kujisafisha, na bati lake likioza fundi hulikata na kuchomelea jingine kwa bei isiyopendeza.

KITU KINACHOKULA CHUMA

Kutu haiji kwa sababu ya uzee. Huja mahali ambapo chuma, maji na hewa vimekutana, na chumvi ikiwapo huja mbio zaidi. Rangi ya gari ni koti la kuzuia maji na hewa visikifikie chuma. Mahali koti hilo limetoboka, au mahali halikufika vizuri tangu mwanzo, hapo ndipo kutu huanza.

Sasa fikiri juu ya tope lililokauka ndani ya madigadi. Wengi huliona kuwa ni uchafu tu usiodhuru, kwa sababu halionekani. Kwa kweli tope hilo ni sponji. Kila mvua ikinyesha hunyonya maji, nayo hukaa yamegandamana na chuma kwa siku nyingi baada ya jua kukausha sehemu nyingine zote za gari. Udongo mweusi wa Mwea ni hodari sana wa kushika maji. Mpunga waupenda kwa sababu hiyo, na chuma kinauchukia kwa sababu hiyo hiyo.

Tope ni baya, lakini mbolea ni mbaya zaidi. CAN na DAP ni aina za chumvi. Chembe zikimwagika katika sakafu ya pikapu, hunyonya unyevu wa hewa usiku hata kama mvua haikunyesha, zikawa maji ya chumvi yanayoingia katika kila mkwaruzo. Mwandishi wa makala haya alijifunza jambo hilo kwa hasara. Gunia moja la CAN lilipasuka nyuma ya pikapu yake wakati wa mvua za masika. Aliokota iliyoonekana, akaifagia iliyobaki mpaka pembeni, kisha akatandika turubai juu yake akasema ataosha mvua zikikatika. Mvua zilipokatika alitoa turubai, akabonyeza sakafu kwa kidole gumba, na kidole kikapita upande wa pili.

Samadi na mkojo wa ng'ombe vina chumvi pia. Maziwa yaliyomwagika yakichacha huwa na asidi, na hukimbilia penye viungo vya mabati ambapo kitambaa hakifiki. Mavi ya ndege juu ya boneti nayo huchoma rangi, hasa jua likiwa kali, wala yasingoje siku ya kuosha: yaloweshwe mara moja kwa kitambaa chenye maji, kisha yaondolewe bila kusugua. Na wakulima wa skimu za pwani, kama Magarini na Mpeketoni, wakumbuke kwamba upepo wa baharini huchukua chumvi na kuitia kila mahali, hata katika gari ambalo halikubeba kitu.

Kuna neno moja zaidi kwa mwenye kutaka kununua. Motokaa nyingi zinazouzwa Kenya zimetumika kwanza Japani. Sehemu za Japani zenye theluji humwagiwa chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na gari lililokaa huko laweza kuja na kutu chini yake ingawa rangi ya juu ni kama mpya. Kabla ya kulipa, lala chini na tochi uangalie chasisi. Nguo zitachafuka, lakini utajua unalonunua.

VIFAA VYA KUANZIA

Mtu akiingia katika duka la vifaa vya motokaa ataona rafu nzima ya chupa za rangi rangi, na muuzaji atamweleza kwamba zote ni za lazima. Si kweli. Anayeanza ahitaji vitu vichache, na baadhi yake vimo nyumbani.

Kwanza ni ndoo mbili za lita 20. Ndoo moja ni ya maji ya sabuni, na ya pili ni ya maji matupu ya kusuuzia sponji. Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa maana hutumia ndoo moja tu. Angalia kinachotokea: sponji inafuta boneti, inachukua chembe za mchanga, inarudi katika ndoo, inaziacha humo pamoja na sabuni, halafu inazichukua tena na kuzisugua katika mlango. Baada ya mwaka mmoja rangi imejaa mikwaruzo midogo ya mviringo ambayo huonekana jua likipiga. Ukiwa na ndoo mbili, sponji huenda kwanza katika maji matupu, hukamuliwa hapo, ndipo huchovywa katika sabuni. Mwisho wa kazi angalia chini ya ile ndoo ya kusuuzia. Mchanga utakaouona umetulia humo ndio ambao ungekwaruza gari.

Pamoja na hizo, tafuta karai la zamani au debe kwa ajili ya magurudumu na sehemu za chini. Vyombo vya magurudumu visichanganywe na vyombo vya rangi hata siku moja, kwa kuwa unga unaotoka katika breki una chembe za chuma.

Pili ni sponji kubwa laini, au glavu ya kuoshea yenye manyoya. Glavu ni bora, kwa sababu mchanga huingia katikati ya manyoya badala ya kubaki juu ukisugua rangi. Kama huna hata kimoja, fulana ya zamani ya pamba yafaa kwa kuanzia, mradi ukate vifungo na mishono migumu. Gunia halifai, wala ile sponji ya jikoni yenye upande wa kijani wa kusugulia sufuria. Upande huo ni msasa.

Tatu ni burashi mbili. Moja iwe ngumu, yenye mpini mrefu, ya madigadi, chasisi na sakafu ya mizigo. Nyingine iwe laini, ya rimu na mianya midogo. Burashi ya kupakia rangi iliyotumika ikasafishwa vizuri yafaa sana katika mianya ya taa na bawaba za milango.

Nne ni vitambaa vya kukaushia. Vitambaa vya maikrofaiba vyauzwa katika miji mingi, navyo hunyonya maji kuliko pamba. Nunua vinne au vitano vya rangi mbili, mathalan vya buluu kwa rangi ya gari na vya manjano kwa ndani na vioo, ili watoto wanaokusaidia wasivichanganye. Taulo kuukuu ya pamba yafaa pia.

Tano ni kitu cha kumwagia maji. Mwenye mpira wa maji na mfereji yuko vizuri, lakini mpira ukiachwa wazi waweza kumwaga lita 10 au zaidi kwa dakika moja, na robo saa ya uzembe ni maji ya ng'ombe kadhaa. Kopo la kumwagilia kitalu, lile lenye matundu mdomoni, hufanya kazi hiyo vizuri sana. Lowesha nalo, suuza nalo, na utajua umetumia maji kiasi gani. Pikapu yenye vumbi tu huoshwa kwa mitungi mitatu ya lita 20; yenye tope yaweza kutaka mitano au sita. Maji ya mvua kutoka kwenye bati ni bora kuliko ya kisima, maana hayana chokaa ya kuacha madoa meupe. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Basi paa la mita 6 kwa 5 likinyeshewa milimita 10 hutoa karibu lita 300, ukiacha kidogo kinachopotea njiani.

Lakini usitumie bomba la mgongoni la kunyunyizia dawa ya mimea au ya kupe, hata kama umelisuuza. Dawa hukaa katika mipira na vichungi vyake, na utajinyunyizia usoni bila kujua.

JUU YA SABUNI

Jambo hili lina maneno mengi, basi tulieleze kwa urefu kidogo.

Sabuni ya unga ya kufulia si ya motokaa. Ina magadi na chumvi nyingine za kung'oa uchafu katika nguo, na vitu hivyo hufifisha rangi ya gari vikitumiwa mara kwa mara, na huharibu sehemu za alumini. Chembe zake zisipoyeyuka zote huwa kama mchanga. Tena sabuni hiyo ikibaki katika viungo vya mabati huendelea kuvuta unyevu.

Sabuni ya kipande haina ukali mwingi, lakini katika maji ya kisima yenye chokaa hufanya utando mweupe usiotoka kwa urahisi. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo husafisha vizuri mno, na hapo ndipo ubaya wake ulipo: huondoa uchafu pamoja na nta yote inayolinda rangi. Yafaa mara moja, siku ile unayotaka kuondoa nta ya zamani ili upake mpya. Isiwe sabuni ya kila juma.

Kinachofaa ni shampuu ya motokaa. Haina ukali wa magadi wala wa asidi, na huteleza, ili mchanga ukokotwe bila kukwaruza. Soma maandishi ya chupa uone ni kiasi gani kwa ndoo. Mara nyingi ni kifuniko kimoja au viwili. Ukizidisha hupati usafi zaidi, bali hupoteza maji mengi ya kusuuzia.

Watu wengine huchanganya dizeli au mafuta ya taa na maji ya sabuni ili gari ling'ae, na wengine hupaka dizeli katika matairi yawe meusi. Mng'ao huo ni wa saa moja. Mafuta yakibaki juu ya rangi huvuta vumbi, na dizeli huvimbisha mpira na kuulainisha: mipira ya milango, mabomba ya breki, hata tairi lenyewe. Vivyo hivyo kupaka chasisi oili chafu ya injini. Desturi hiyo ni ya zamani, na ni kweli kwamba oili huzuia kutu kwa muda, lakini hudondoka shambani na kuingia majini, nayo huharibu mipira yote ya chini. Afadhali kununua dawa ya kuzuia kutu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ikapakwa juu ya chuma kikavu kilichosafishwa.

MAHALI PA KUOSHEA

Usiingize motokaa mtoni, wala usiioshe kando ya bwawa, birika la ng'ombe au kisima. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inakataza kuchafua maji, lakini hata bila sheria sababu yajulikana: oili na grisi inayotoka chini ya gari lako huenda kwa ng'ombe wa jirani aliye chini ya mto, nawe wapokea ya jirani aliye juu yako. Chagua mahali palipoinuka kidogo penye changarawe au nyasi, mbali na maji, ambapo maji machafu yatanywewa na ardhi. Pasiwe katika shamba la majani ya ng'ombe, maana grisi itakaa juu ya majani nao wataila.

Pawe na kivuli. Kama hakuna, osha asubuhi mapema au jioni. Bati lenye moto hukausha sabuni kabla hujaisuuza, nayo huacha madoa. Ukiweka kiganja juu ya boneti ukashindwa kukiacha hapo, ngoja.

KAZI YENYEWE

Watu hubishana kama magurudumu yaanze au yamalizie. Sisi twasema yaanze, pamoja na sehemu zote za chini, kwa sababu tope lake huruka juu. Ukiyaacha mwisho, utarusha tope juu ya milango uliyokwisha kukausha.

Basi mimina maji ndani ya madigadi yote manne, kisha uache dakika kumi. Tope kavu halichokonolewi kwa msumari wala kwa kisu, maana utang'oa rangi pamoja nalo. Likilowa vizuri, lisukume kwa burashi ngumu, na uingize mkono juu kabisa, mahali madigadi inapokutana na bodi, kwa sababu huko ndiko tope hukaa miaka. Angalia chini ya milango na kando ya chasisi: utaona matundu madogo. Wengi hudhani ni makosa ya kiwanda. Matundu hayo yamewekwa makusudi ili maji yanayoingia ndani yatoke. Yakizibwa na tope, mlango hujaa maji kama chupa na huoza kutoka ndani, na siku utakayoona rangi imevimba kwa nje, bati limekwisha kuliwa. Yazibue kwa kijiti laini au kwa waya uliofungwa kitambaa. Kama husomi mstari mwingine wowote wa makala haya, usome huu.

Baada ya magurudumu nenda nyuma, mahali pa mizigo. Toa turubai, toa mkeka, toa kila kitu. Fagia kavu kwanza, hasa kama ulibeba mbolea, ili usiiyeyushe ikapenya zaidi. Ndipo umwagie maji mengi, usugue kwa burashi, usuuze mpaka maji yatoke meupe. Fungua mlango wa nyuma na kusafisha bawaba zake. Kama gari lilibeba dawa ya kupe au ya mimea na kitu kikamwagika, vaa glavu za mpira, usitumie vitambaa hivyo tena kwa kazi nyingine, na usipakie maziwa wala chakula mpaka pameoshwa kwa sabuni na kukauka. Vitambaa vya motokaa na vitambaa vya makopo ya maziwa visikutane kamwe, wala ndoo zake.

Ukiona mahali rangi imebanduka na kutu imeanza, usifunike kwa turubai. Pakiisha kukauka, paka msasa mpaka chuma kionekane, pangusa vumbi, paka rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ikauke, ndipo upake rangi ya juu. Kazi hii ni ya nusu saa kwa kovu dogo kama shilingi, na fundi hahitajiwi.

Sasa njoo kwenye bodi. Lowesha gari zima kwa maji matupu ili vumbi litoke lenyewe kadiri iwezekanavyo. Kisha anza juu kwa sponji yenye sabuni: paa, vioo, boneti, nusu ya juu ya milango, na mwisho nusu ya chini, ambayo ndiyo chafu kupita zote. Pitisha sponji kwa mistari iliyonyooka, bila kukandamiza. Osha upande mmoja, usuuze, ndipo uende upande wa pili, sabuni isije ikakauka. Sponji ikianguka chini, isirudi juu ya rangi mpaka imesuuzwa sana.

Kausha mara moja. Tandaza kitambaa juu ya bati, ukivute polepole. Fungua milango upanguse kingo zake zote, na mahali pa kujazia mafuta, na chini ya boneti pembeni. Inua waipa ufute ukingo wa mpira wake. Chembe ya mchanga iliyokaa hapo hukwaruza kioo cha mbele mvua ya kwanza ikija. Vioo vyafutwa kwa maji yenye siki kidogo, halafu karatasi ya gazeti kavu. Gazeti lolote lafaa, hata hili, ukiisha kulisoma.

Kisha endesha gari polepole njiani ukikanyaga breki mara tatu nne. Breki zilizolowa hazishiki vizuri, na ukiiacha motokaa usiku mzima na maji ndani yake, asubuhi utakuta kutu nyekundu.

INJINI NA BETRI

Anayeanza asimwage maji katika injini. Motokaa za siku hizi zina nyaya nyingi na vikasha vya umeme ambavyo maji yakiingia hutaka fundi mwenye kompyuta, na fundi huyo hayuko katika kila kituo cha biashara. Injini ikiwa baridi, toa majani yaliyokusanyika chini ya kioo cha mbele, pangusa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, basi.

Betri ni jambo jingine. Vichwa vyake vikiota unga mweupe au wa kijani, gari litakataa kuwaka asubuhi ya baridi, na maziwa yatachelewa. Zima injini. Fungua kwanza waya wa upande wa hasi, halafu wa chanya. Koroga kijiko kimoja cha baking soda katika kikombe cha maji ya vuguvugu, upake kwa mswaki wa zamani. Utaona povu, nalo ni dalili kwamba asidi inakufa. Vifuniko vya betri viwe vimefungwa barabara, maana dawa hiyo ikiingia ndani itaua asidi ya kazi pia. Suuza kwa maji kidogo, kausha, rudisha waya wa chanya kwanza na wa hasi mwisho, kisha paka grisi kidogo. Vaa glavu, na usiguse macho.

Ukipeleka gari kwa waoshaji wa mjini wenye mashine za kurusha maji kwa nguvu, kaa karibu uangalie. Mdomo wa mashine usikaribie rangi kwa chini ya sentimita 30 hivi, wala usielekezwe kwenye rejeta, beringi za magurudumu, ubavu wa tairi au mahali rangi imepasuka. Maji ya nguvu hupita mpira unaozuia grisi, na beringi ikiingia maji hulia baada ya muda mfupi.

NDANI NA NTA

Ndani ya gari fagia, pangusa kwa kitambaa chenye unyevu, uache milango wazi pakauke. Usimwage maji sakafuni, kwa kuwa chini ya zulia hupita nyaya. Mikanda ya usalama ioshwe kwa sabuni laini tu; dawa ya kung'arisha nguo hudhoofisha nyuzi zake, na mkanda uliodhoofika hauonekani mpaka siku ya ajali.

Nta ndiyo kitu cha mwisho, na mwenye fedha chache aweza kungoja mwezi mmoja au miwili kabla ya kuinunua. Nta iliyo maarufu hutoka katika majani ya mtende wa Brazili uitwao karnauba. Nyingine hutengenezwa viwandani, nazo hudumu zaidi. Yote hufanya kazi moja: maji hayatulii juu ya rangi, na tope hutoka upesi. Ili kujua kama nta ya zamani ingalipo, mwaga maji juu ya boneti. Yakijikunja kuwa matone ya mviringo, ipo. Yakitandaa, imekwisha. Paka juu ya gari lililooshwa likakauka, kivulini, sehemu ndogo ndogo, safu nyembamba, kisha pangusa kwa kitambaa safi. Usipake katika kioo cha mbele, wala katika plastiki nyeusi, ambapo huacha alama nyeupe. Mara moja kila miezi mitatu yatosha. Zile dawa za kuondoa mikwaruzo waachie mafundi kwanza, maana hukwangua rangi yenyewe, na rangi ya juu ya motokaa ni nyembamba kuliko karatasi hii.

Kuosha kila juma yafaa kwa gari la maziwa wakati wa mvua. Wakati wa kiangazi majuma mawili yaweza kupita. Lakini sakafu ioshwe siku ile ile iliyobeba mbolea, hata kama ni usiku na mvua inanyesha.

Kazi ikiisha, mwaga maji ya ndoo, suuza sponji mpaka isitoe povu, uianike kivulini. Vitambaa vifuliwe peke yake kwa sabuni kidogo, vikauke mbali na vumbi la zizi, viwekwe katika mfuko uliofungwa. Kitambaa kilichochakaa hakitupwi: hushuka cheo, kutoka rangi kwenda rimu, na kutoka rimu kwenda chasisi.